Weusi wa Shingoni Si Uchafu

Katika shule za kusini mwa Texas, karibu na mpaka wa Meksiko, muuguzi akishampima mtoto macho na masikio humwambia ainamishe kichwa. Anamtazama ukosi. Anatafuta ngozi iliyokoza weusi kuliko sehemu nyingine, iliyonenepa na kufanya mikunjo midogo, ambayo ikiguswa ina ulaini wa mahameli. Sheria ya jimbo ya mwaka 1999 ndiyo iliyoanzisha ukaguzi huo kwenye kaunti za mpakani, na baadaye ukaenezwa sehemu nyingine za Texas. Hukaguliwa watoto wa darasa la kwanza, la tatu, la tano na la saba. Anayekutwa na alama hupimwa uzito, urefu na shinikizo la damu, kisha wazazi wake huandikiwa barua wampeleke kwa daktari.

Mara nyingi barua hiyo inafika katika nyumba ambamo shingo ya mtoto imeshasuguliwa sana. Imepakwa limau, imesuguliwa kwa magadi soda, imepitishiwa dodoki mpaka ikachubuka. Weusi haukutoka. Mtoto amegombezwa kwamba haogi vizuri, na shuleni wenzake wamemcheka. Jambo hili linaniuma kuliko yote katika habari hii, kwa sababu mtoto anaadhibiwa kwa kitu kinachotoka ndani ya mwili wake, na wanaomwadhibu ni watu wanaompenda.

Madaktari huiita hali hii akanthosisi nigrikansi. Chanzo chake cha kawaida ni wingi wa insulini. Insulini ni homoni ya kongosho inayoiwezesha sukari kutoka kwenye damu na kuingia kwenye seli. Misuli na ini vikianza kuwa sugu kwa homoni hiyo, kongosho hulazimika kutoa nyingi zaidi ili kazi ileile ifanyike. Linaweza kumudu hivyo kwa miaka, na katika muda huo wote kipimo cha sukari kikaonyesha kila kitu ni sawa. Lakini ile insulini ya ziada haikai bure. Kwa umbo inafanana na homoni nyingine inayochochea ukuaji, hivyo ikizidi hugusa vipokezi vya homoni hiyo kwenye seli za ngozi, nazo huzaliana kupita kiasi. Ngozi hunenepa kwenye ukosi, kwapani, kwenye kinena, wakati mwingine kwenye viwiko na maungio ya vidole. Weusi unaoonekana unatokana zaidi na unene huo kuliko na rangi ya ngozi yenyewe. Hata vile vinyama vidogo vinavyoning'inia shingoni na kwapani mara nyingi huandamana na hali hii.

Kwa hiyo ngozi inaweza kutangulia kusema kabla sukari haijapanda, na kwa familia za Walatino wa Marekani nafasi hiyo ya kuwahi ni kubwa mno kuipoteza. Utafiti uliowachunguza watu wazima wa Kilatino zaidi ya 16,000 katika Bronx, Chicago, Miami na San Diego, ambao matokeo yake yalitolewa mwaka 2014, ulikuta karibu asilimia 17 wana kisukari. Walio na asili ya Meksiko walifikia takriban asilimia 18, wa Amerika ya Kusini takriban 10. Tofauti hiyo yatosha kutukumbusha kwamba "Mlatino" si mtu mmoja. Kinachonitisha zaidi ni kwamba kati ya waliokutwa na ugonjwa, wanne hivi katika kila kumi hawakujua kuwa wanao.

Sehemu ya hatari hii ni ya kurithi. Watafiti walioshirikiana kati ya Meksiko na Marekani waligundua aina fulani ya jeni iitwayo SLC16A11 inayoongeza uwezekano wa kisukari. Imeenea sana kwa watu wenye asili ya wenyeji wa kale wa bara la Amerika, na ni adimu Ulaya na Afrika. Lakini haifanyi kazi peke yake: uzito, chakula, kazi na kukosa bima ya afya vyote vimo. Wala alama yenyewe si ya Walatino peke yao. Uchunguzi wa watoto wa shule huko Galveston, Texas, uliochapishwa mwaka 1989, uliikuta kwa wingi zaidi kwa watoto weusi kuliko kwa Walatino, na kwa nadra sana kwa Wazungu. Wasomaji wetu nao watazame shingo za watoto wao.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wanaoishia kwa mtoto. Alama hii si kipimo cha kisukari. Mtoto mnene asiye na alama shingoni bado anastahili kupimwa. Ninachokiona mimi kwenye ukosi ule ni habari za ukoo. Mtoto mwenye alama huenda ana mama aliyepata kisukari cha mimba, ambaye baada ya kujifungua hakuna aliyemwita tena kupimwa. Ana mjomba anayeamka mara kwa mara usiku kukojoa na kudhani ni uzee. Ana bibi anayesadiki kwamba sukari yake ililetwa na mshtuko, *susto* kama wanavyosema wao, siku aliyopata habari mbaya. Bibi huyo asidhihakiwe. Aulizwe ilikuwa lini, maana jibu lake linaweza kudokeza umri ambao ugonjwa huanza katika ukoo huo.

Barua ya shule basi iwapeleke wote. Kipimo cha HbA1c huonyesha wastani wa sukari wa miezi miwili hadi mitatu bila kulazimika kufunga kula: kuanzia asilimia 5.7 ni dalili ya hatari, 6.5 na kuendelea ni kisukari, na kwa asiye na dalili kipimo hurudiwa kuthibitisha. Jambo moja lisicheleweshwe. Mtu mzima akitokewa na weusi huu ghafla huku anakonda, hasa ukiingia viganjani au mdomoni, achunguzwe haraka, kwani kwa nadra huwa ni ishara ya saratani, aghalabu ya tumbo.

Walio katika hatari wanayo tiba iliyothibitishwa. Jaribio kubwa la Marekani la mwaka 2002, lililowahusisha Walatino pia, lilionyesha kwamba watu wazima waliolenga kupunguza asilimia 7 ya uzito na kutembea au kufanya mazoezi dakika 150 kwa wiki walipunguza uwezekano wa kupata kisukari kwa asilimia 58. Dawa ya metformini iliupunguza kwa asilimia 31. Insulini ikishuka, ngozi nayo hurudi polepole kwa muda wa miezi. Krimu za kulainisha zinaweza kusaidia mwonekano kidogo. Dodoki na limau viachwe leo.