Janga na Afya ya Akili (Sehemu ya Pili): Daktari Anaanzia Wapi?

Wiki iliyopita tuliona jinsi UVIKO-19 ilivyowafungia watu majumbani, ikawanyima wengi vibarua, na kuwazuia hata kuzika ndugu zao kama desturi inavyotaka. Machi 2022 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilieleza kwamba katika mwaka wa kwanza wa janga hilo, sonona na maradhi ya wasiwasi yaliongezeka duniani kwa takriban asilimia 25. Leo tuingie chumbani kwa daktari.

Ni nadra mgonjwa kuja akisema, "Daktari, nina sonona." Husema kichwa kinauma, mwili unachoma, moyo unakwenda mbio. Wakati wa korona likaongezeka jingine: pumzi inabana. Hapo pana mtihani, kwa sababu pumzi kubana ni dalili ya korona na ni dalili ya hofu pia. Kwa hiyo daktari makini hakimbilii kusema, "Huumwi, ni mawazo tu." Anapima kwanza. Anasikiliza mapafu, anahesabu pumzi, anambana kidoleni kile kidude cha kupima oksijeni. Kikisoma 98 na mapafu yakawa safi, anamwonyesha mgonjwa ile namba aione mwenyewe, kisha anamweleza kinachotokea mwilini.

Mwenye hofu huhema harakaharaka bila kujijua. Kwa kuhema hivyo hutoa kabonidayoksaidi nyingi kupita kiasi, na hewa hiyo ikipungua kwenye damu, vidole na midomo hufa ganzi, kichwa huwa chepesi, kifua hubana. Akiyahisi hayo anaamini kwamba ndiyo korona imemfika, anazidi kuhema, na hali inazidi kuwa mbaya. Basi daktari anakaa naye palepale, wanavuta pumzi taratibu kwa pua na kuitoa polepole zaidi, mpaka ganzi iondoke. Dakika chache hizo zina thamani kuliko karatasi ya dawa.

Ndipo mazungumzo yenyewe yanapoanza.

"Mama, usiku unalala?"

"Usingizi utoke wapi, mwanangu?"

Lipo dodoso la maswali tisa linalotumika sana, hata kwa Kiswahili, kuuliza hali ya mtu katika wiki mbili zilizopita: usingizi, hamu ya kula, uchovu, kukosa raha na mambo aliyoyapenda. Kila jibu hupewa alama 0 hadi 3, na jumla ikifika 10 daktari hutakiwa kuchunguza zaidi. Swali la mwisho linahusu mawazo ya kufa au kujidhuru. Wapo wahudumu wanaoliruka kwa kuona haya, au kwa kudhani litampa mgonjwa wazo ambalo hakuwa nalo. Si kweli. Mwenye wazo hilo mara nyingi hupata ahueni akiulizwa, na asipoulizwa anarudi nalo nyumbani.

Kuhusu dawa, nitasema wazi: diazepam haifai kugawiwa kila anayelalamika kukosa usingizi. Huzoeleka upesi, na baada ya wiki chache mtu anaweza kushindwa kulala bila hiyo. Mwenye sonona kali anahitaji dawa kama fluoksetini, nayo huchukua wiki kadhaa kuonyesha nafuu yake. Asiyeambiwa hilo huiacha siku ya tano.

Wodini mambo ni mengine. Mgonjwa aliyepungukiwa oksijeni huweza kuchanganyikiwa ghafla, akaweweseka na kung'oa mipira. Ndugu hudhani amepagawa, kumbe ubongo unalia kwa upungufu wa hewa. Kinachotibiwa hapo ni ugonjwa wenyewe. Upweke wa mgonjwa aliyetengwa wodini nao una tiba yake. Katika mlipuko wa Ebola uliotangazwa Agosti 2018 huko Kivu Kaskazini, Kongo, shirika la ALIMA lilitumia mjini Beni vyumba vya plastiki angavu viitwavyo CUBE. Mzazi alisimama nje akamwona mwanawe na kuzungumza naye, bila kuvaa nguo za kujikinga. Natamani kila hospitali ya rufaa ingejifunza kutoka Beni.

Waliosahaulika zaidi ni wale waliokuwa wagonjwa tangu zamani. Katika uchunguzi wa WHO uliotolewa Oktoba 2020, asilimia 93 ya nchi 130 zilizohusishwa zilisema huduma zao muhimu za afya ya akili zilivurugika au kusimama. Mwenye skizofrenia anayetegemea sindano ya kila mwezi akiikosa, huweza kurudi kwenye hali aliyotoka. Kumpa anayetumia vidonge dawa za miezi miwili au mitatu kwa mpigo, na kumpigia simu nduguye kuuliza hali, ni kazi isiyohitaji mtambo wowote.

Wiki ijayo tutawageukia madaktari na wauguzi wenyewe, kwani nao waliumia.

(Itaendelea)