Kijiji au Steji ya Matatu?

Na Mwanachama wa Kidato cha Tatu

Najua wengi wenu mkisikia neno "mchezo" mnafikiria kandanda, voliboli au riadha. Lakini likizo ikifika, si mnajua wenyewe tunakoenda: kwenye saiba, au kuomba simu ya kaka. Katika makala haya ninataka kueleza aina moja tu ya michezo ya kompyuta. Ni ile ambayo maelfu ya watu huingia katika ulimwengu mmoja kwa wakati mmoja kupitia intaneti, kila mmoja na mhusika wake. Huyu ni shujaa mwenye upanga, yule ni mganga, mwingine mchawi. Swali langu ni hili: je, anayeunda mchezo anaweza kuwafanya wageni wakawa majirani?

Kwanza tuangalie chanzo. Msicheke, michezo hii ilizaliwa shuleni! Mwaka 1978, katika Chuo Kikuu cha Essex kule Uingereza, mwanafunzi Roy Trubshaw alianza kuandika programu iitwayo MUD, na mwenzake Richard Bartle akaiendeleza. Haikuwa na picha hata moja, ilikuwa maandishi matupu. Mwaka 1996 Bartle aliandika makala akawagawa wachezaji mafungu manne: wapenda kufaulu, wapenda kuvumbua, wapenda kukaa na wenzao, na wapenda kuwasumbua wengine. Hapo ndipo ugomvi wote unapoanzia. Watu hawa wanne wamo katika nyumba moja, na kila mmoja amefuata lake.

Sasa njooni Marekani, mwaka 1999, mchezo uitwao EverQuest ulipotoka. Ulikuwa mchezo mkali, jamani! Ukiuawa katika pango, maiti yako ilibaki pale pale na vitu vyako vyote. Wewe ulifufuka mbali, mikono mitupu, na sehemu ya maarifa uliyoyachuma imekatwa. Kurudi peke yako kuichukua maiti ilikuwa kama kujipeleka machinjioni. Basi ulifanyaje? Ulitafuta watu. Kulikuwa na mchawi wa wafu aliyeweza kuivuta maiti yako hadi miguuni pake. Kulikuwa na mganga aliyeweza kukufufua na kukurudishia maarifa mengi uliyopoteza. Hata safari zilikuwa ndefu na za hatari, hivyo ulimbembeleza mchawi akurushe ng'ambo kwa ujira kidogo.

Kwa ufupi, mtu ni watu. Na kwa kuwa kila seva ilikuwa na watu wake wale wale, jina lako ndilo lililokuwa mali yako. Ukiiba ngawira ya wenzako leo, kesho habari zimeenea na hakuna atakayekuchukua katika kundi lake. Ukimsaidia mgeni, naye atakukumbuka. Katika seva nyingi wachezaji waligeuza handaki moja la East Commonlands kuwa soko, wakipaza sauti na kupatana bei kama pale Gikomba. Hakuna aliyewajengea soko hilo. Walilianzisha wenyewe kwa sababu walihitajiana. Baadaye wenye mchezo walileta soko rasmi ambamo mhusika wako angeweza kukaa akiuza vitu bila wewe kusema neno. Biashara ikawa rahisi, lakini kelele za handakini zikapungua.

Hata hivyo, tusisifu mvua imetunyea. Ujirani huo ulikuwa na bei, na bei yenyewe ilikuwa saa. Ungeweza kungoja muda mrefu kabla kundi halijatimia, kisha mkae pangoni jioni nzima. Ukiondoka katikati, umewaangusha wenzako. Sasa niambieni, mama mwenye mtoto mchanga angewezaje? Na anayefanya kazi ya zamu? Na mwanafunzi mwenye mtihani Jumatatu? Kijiji kilikuwa kizuri, ndiyo, lakini lango lake lilikuwa jembamba.

Novemba 2004 kampuni ya Blizzard ilitoa World of Warcraft, na lango likapanuliwa. Ukiuawa huko, unarudi kama mzimu hadi penye maiti yako, unainuka, na vitu vyako unavyo. Kazi nyingi unazifanya peke yako kwa nusu saa, kisha unaenda kulala. Watu wakafurika. Kufikia Oktoba 2010 mchezo huo ulikuwa na zaidi ya wachezaji milioni 12 wanaolipa, ilhali EverQuest haikuwahi kufika hata milioni moja.

Halafu Desemba 2009 kikaja kitufe. Unakibonyeza, mashine inakutafutia wenzako wanne kutoka seva mbalimbali, kundi linakuwa na ngao mmoja, mganga mmoja na wapiganaji watatu, kisha inawatupa nyote pangoni. Hiyo, wenzangu, ni matatu! Gari likijaa linaondoka, na kila mtu anashuka kwake bila kuuliza jina la jirani. Je, ni vibaya? Matatu hutufikisha. Lakini mtu akikutukana humo ndani, kesho utampata wapi? Na yeye anajua hutampata.

Mjadala huu haujaisha. Mwaka 2019 Blizzard walirudisha mchezo wao wa zamani bila kitufe hicho, na watu wakaufurahia. Mwaka 2022 walitoa sehemu nyingine ya zamani, tena bila kitufe. Mwaka 2023 wakakirudisha. Naona hata wenyewe hawajakata shauri!

Wengine wamechukua njia ya tatu, ile ya kuwauliza wachezaji. Old School RuneScape, mchezo wa Uingereza uliofufuliwa mwaka 2013 baada ya wachezaji kupiga kura, ulitaka asilimia 75 ya kura kabla ya kuongeza jambo jipya. Mwaka 2022 kiwango kikashushwa hadi 70. Tangu 2018 mchezo huo unachezwa hata kwa simu. Nao EVE Online, mchezo wa Iceland, una baraza la wawakilishi lililochaguliwa na wachezaji tangu 2008. Lakini kura peke yake haileti ujirani. Unaweza kupiga kura na usimjue hata mtu mmoja.

Maoni yangu ni haya. Ugumu sio unaojenga jamii. Vinavyoijenga ni vitatu: kuhitajiana, kukutana tena, na jina linalokumbukwa. Kwetu bwenini si baridi ya maji ya alfajiri iliyotufanya ndugu. Ni kwa kuwa ndoo ni chache, na kesho nitamkuta yule yule niliyemnyima jana. Muundaji mwenye busara anaweza kumwachia mwenye nusu saa kitufe chake, mradi kwanza kimtafutie watu wa seva yake mwenyewe, wale atakaowakuta tena kesho. Hapo lango litakuwa pana, na kijiji kitabaki kijiji.

Mwenye neno tofauti na alilete mkutano ujao wa Chama. Nitakuwapo, na mnanijua kwa jina!