Chomoa kwanza, kisha mwaga maji: usafi wa nyaya na viti vya plastiki



Ndugu msomaji, nimeulizwa suali moja na watu wawili. Mvuvi mmoja wa hapa Kengeja alinisimamisha baada ya sala ya Ijumaa, akataka kujua namna ya kusafisha waya anaouvuta kutoka nyumba ya pwani mpaka kwenye boti yake ya faiba, wa kuchajia betri na kuendeshea drili ya fundi. Waya umeganda chumvi, mchanga na magamba ya samaki. Siku mbili baadaye mama mmoja alimleta mwanawe kituoni, na tulipomaliza matibabu akaniuliza: makochi yake ya ngozi ya plastiki yamekojolewa, ayatahirishe vipi bila ya kuyaharibu? Na nyuma ya kochi, akasema, mna ekstensheni ya televisheni, nayo imerowa.

Tuanze na waya, kwa kuwa huo ndio unaoua.

Tangu mwaka 2010 Pemba tunapata umeme kwa waya uliolazwa chini ya bahari kutoka upande wa Tanga. Wengine husema, kama ule unalala baharini miaka yote, huu wangu utadhurika nini kwa kitambaa kibichi? Ule umetengenezwa kwa ajili ya bahari, umefungwa tabaka juu ya tabaka. Wa kwako ni wa dukani, una plagi yenye matundu na pengine una kiungo katikati kilichozungushiwa mfuko wa plastiki. Maji ya bahari hupitisha umeme vizuri kuliko maji ya kisima, na chumvi ikishakauka juu ya plagi huvuta unyevu wa hewa, hivyo waya unaouona mkavu asubuhi huwa na majimaji jioni. Ndani yake shaba huota kutu ya kijani, kiungo hulegea, hupata moto, plagi hugeuka nyeusi na kutoa harufu. Ukiona dalili hizo usiusafishe tena. Mpe fundi aukate kichwa aweke kipya.

Niliwahi kupokea kijana aliyekuwa akiufuta waya uliochomekwa, naye amesimama pekupeku juu ya mchanga uliorowa. Kidoleni alikuwa na doa dogo la kuungua, wenzake wakasema hana kitu. Nilipomshika mshipa, moyo ulikuwa ukienda ovyo. Tulimpeleka hospitali siku hiyo hiyo, na alipona, alhamdulillah. Umeme huunguza ndani zaidi kuliko nje, kwa hiyo aliyepigwa na umeme apelekwe kwa daktari hata akiwa anacheka.

Kwa hiyo chomoa ncha zote mbili, ya ukutani kwanza. Kuzima swichi peke yake hakutoshi. Pangusa mchanga kwa kitambaa kikavu, kisha pitisha kitambaa chenye maji matamu na sabuni kidogo, kilichokamuliwa sana, kutoka kichwa kimoja hadi chengine. Unapofuta, mikono yako itakuonesha palipochanika au palipotafunwa na panya. Utundike kivulini vichwa vikiangalia chini, na usiuchomeke mpaka ukauke kabisa. Plagi iliyozama baharini usiitumie tena mpaka fundi aifungue. Na unapochaji au kuendesha drili, ukunjue waya wote, kwani uliozongwa hupata moto.

Sasa tahara. Waya hatusalii juu yake wala hatuuvai, kwa hiyo hakuna dharura ya kuutia maji papo hapo kwa sababu mtoto ameukojolea. Mama yule alikuwa karibu kumwagia ekstensheni maji ikiwa bado ina umeme, kwa hofu ya najisi tu. Chomoa, ufute, na ukitaka kuutahirisha, inua vichwa viwili juu, pitisha maji katikati palipopatwa, kisha kausha. Na kikavu kinachogusana na najisi kavu hakinajisiki. Hilo tulisomeshwa chuoni tukiwa watoto.

Kochi na kiti cha botini ni jambo jengine, maana hapo tunakaa na pengine tunasali. Katika madhehebu yetu ya Kishafii kufuta hakutoshi, hata kama kitu ni laini kama kioo. Lakini pia si lazima kumwaga ndoo nzima. Kwanza ondoa najisi yenyewe, rangi na harufu, kwa kitambaa na sabuni. Kisha chukua kikombe cha maji safi, uyapitishe juu ya pahala hapo mara moja yatiririke, uyapokee na kitambaa kikavu upande wa pili. Mkojo wa mtoto wa kiume ambaye hajatimiza miaka 2 na hali chakula zaidi ya maziwa, hunyunyiziwa maji yakaenea, basi.

Kosa ninaloliona majumbani ni beseni moja. Kitambaa kinafuta mkojo, kinachovywa, kinafuta tena, kinachovywa tena. Maji machache yakiingiwa na najisi yamenajisika, na kwa macho ya tabibu pia umeshatandaza vijidudu kochi zima. Maji yamwagwe juu ya kitu, kitu kisitiwe ndani ya maji.

Usiloweshe mishono. Plastiki yenyewe hainywi maji, lakini sponji iliyo ndani hunywa kupitia matundu ya uzi, halafu huota ukungu mweusi, nao huwasumbua wenye pumu. Viti vya boti vinavyotolewa vitolewe, visimamishwe ubavu kwenye upepo.

Petroli na tina ya rangi viacheni. Vinang'arisha siku moja, kisha plastiki inakakamaa na kupasuka, iwe ya kiti au ya waya. Tena mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hushuka ukakaa ngamani, ukingoja cheche moja ya ule waya wetu. Mafuta ya nazi nayo hukamata vumbi, na botini mtu huteleza.

Dawa ya klorini, tunayoiita jiki, haihitajiki kwa uchafu wa kawaida. Penye damu ya mtu, safisha kwanza, kisha changanya sehemu 1 ya dawa ya asilimia 3.5 na sehemu 6 za maji, iache dakika 10, halafu suuza. Usiimwage juu ya mkojo ambao haujaoshwa, wala usiichanganye na siki, ndimu au dawa ya chooni. Hutoka hewa inayochoma macho na kifua. Ikitokea, tokeni nje haraka, osheni macho kwa maji mengi yasiyopungua dakika 15, na mwenye kukohoa au kubanwa na pumzi aletwe kituoni hata kama amepata nafuu, kwani kifua huweza kubana tena baada ya saa kadhaa.

Na aliyenaswa na umeme msimshike. Zimeni swichi kuu, au msukumeni kwa ubao mkavu, nanyi mmesimama pakavu. Akiwa hapumui, mkandamizeni katikati ya kifua kwa nguvu na kwa haraka, mara 30, mpeni pumzi 2, mrudie hivyo hivyo njia nzima mpaka mfike kwetu.

Wabillahi tawfiq.