Anwani Kwanza: Mtafiti wa Kilimanjaro Anapohamia India

Anayevuka Holili kwenda Taveta siku hizi hahangaiki na majengo mawili. Katika kituo cha pamoja cha mpakani, ofisa wa Tanzania na ofisa wa Kenya wanakaa chini ya paa moja, na msafiri akishatoka mlango wa pili, amemaliza. Aliyekulia hapa huzoea kwamba mpaka ni mahali: unaufikia, unauvuka, unauacha nyuma. Mtafiti anayekwenda kufanya kazi India kwa miezi minane au mwaka inabidi aanze kwa kuusahau mpaka wa namna hiyo. Muhuri wa uwanja wa ndege wa Delhi, Mumbai au Chennai unamruhusu kuingia tu. Kuishi ni mlolongo mwingine wa karatasi, na karibu zote zinategemea kitu kimoja ambacho sisi wa Rombo na Moshi vijijini tumeanza kukipa uzito juzi tu, nacho ni anwani ya makazi.

Sababu za kwenda zipo, tena nyingine zimeota mashambani mwetu. Kahawa ya KP423, ambayo miteremko hii imeijua kwa vizazi, ni ya ukoo wa Kent, na Kent ilichaguliwa katika mashamba ya kusini mwa India. Kituo cha utafiti wa kahawa cha Balehonnur, jimbo la Karnataka, kilianza mwaka 1925. Cha kwetu Lyamungu kilianza 1934. Kutu ya majani inawasumbua wao kama inavyotusumbua sisi. Kule Tiruchirappalli, Tamil Nadu, kuna kituo cha taifa cha utafiti wa ndizi, na Patancheru karibu na Hyderabad ndiko makao makuu ya ICRISAT, taasisi ya kimataifa inayoshughulikia mazao ya maeneo makavu, mbaazi zikiwemo. Njia za kwenda ni kadhaa: udhamini wa C.V. Raman kwa watafiti wa Afrika ulioanza 2010, nafasi zinazotolewa kupitia TWAS, akademia ya sayansi ya dunia, au mwaliko wa moja kwa moja wa maabara. Na tangu 2023, IIT Madras ilipofungua kampasi Zanzibar, kumpata profesa wa Kihindi wa kuzungumza naye si lazima uende India.

Kwanza viza. India ina viza ya utafiti, na hiyo ndiyo ya kuomba, kwa barua ya taasisi inayokualika. Wapo wanaoshawishika kwenda na viza ya utalii ya mtandaoni kwa kuwa hutoka haraka, wakitumaini kuibadilisha wakishafika. Nasema kwa msisitizo: usifanye hivyo. Viza ya utalii haikupi haki ya kukaa maabara, na kuigeuza ukiwa ndani ya India ni jambo usilopaswa kulitegemea.

Kisha kadi ya homa ya manjano, ambayo watu wa ukanda wetu huipuuza kwa sababu inayoeleweka: hatuioni homa yenyewe. Lakini Kenya imo katika orodha ya India ya nchi zenye hatari ya ugonjwa huo, na mtu wa Holili mara nyingi hupanda basi hadi Nairobi kufuata tiketi nafuu. Akitua India ndani ya siku sita tangu atoke Kenya bila kadi halali, anaweza kuwekwa karantini hadi siku sita zitimie. Chanjo huhesabika kuwa halali baada ya siku 10, na tangu 2016 kadi hudumu maisha yote ya mwenye nayo. Hata anayeondokea KIA na kubadilisha ndege Addis Ababa asiende bila hiyo kadi, maana Ethiopia nayo imo.

Sasa tufike kwenye anwani.

Mwenye viza ya utafiti inayozidi siku 180 anatakiwa kujisajili katika ofisi ya wageni, FRRO, ndani ya siku 14 tangu afike. Tangu 2018 kazi hii hufanyika mtandaoni, na kwa kuitazama ni nyepesi: pasipoti, viza, picha, barua ya taasisi, uthibitisho wa makazi. Hapo pa mwisho ndipo watu hukwama. Kila anayempangisha mgeni India, iwe hoteli, hosteli au mama mwenye chumba kimoja cha ziada, anawajibika kutoa taarifa serikalini ndani ya saa 24 kwa fomu iliyozoeleka kwa jina la Fomu C. Sheria mpya ya uhamiaji na wageni, iliyoanza kutumika Septemba 2025 na kufuta zile za zamani za enzi za Waingereza, haikuuondoa wajibu huo. Mwenye nyumba asipotoa taarifa, wewe huna makazi yanayotambulika, na bila makazi yanayotambulika usajili wako hauendi.

Matokeo yake utayaona mtaani. Mwenye nyumba asiyewahi kupangisha mgeni husikia neno polisi akafunga mlango. Mwingine atakubali, ila anataka amana. Bengaluru imejulikana kwa wenye nyumba wanaodai amana ya kodi ya miezi mingi, kwa desturi hata kumi. Mkataba utaandikwa wa miezi 11. Mgeni hudhani anapunjwa mwezi, kumbe sheria ya usajili ya mwaka 1908 inataka mkataba wa pango unaozidi mwaka usajiliwe rasmi kwa ada, na miezi 11 inawaepusha wote wawili na safari hiyo. Ni mkataba wa kawaida kabisa. Usiugombanie. Gombania mstari unaosema amana itarudishwa lini na kwa makato gani.

Ushauri wangu ni kwamba kabla hujalipa nauli, uiombe taasisi ikupe chumba katika nyumba yake ya wageni kwa mwezi wa kwanza, na ijaze ile fomu kwa niaba yako. Taasisi kubwa nyingi zinazo nyumba hizo, na karani wake anaijua kazi. Omba pia barua wanayoiita huko bonafide, inayothibitisha kuwa wewe ni mtafiti wao na unaishi mahali fulani. Inafanya kazi ileile ya barua ya mwenyekiti wa serikali ya mtaa kwetu: bila hiyo kila dirisha litakurudisha. Omba nakala kadhaa zenye muhuri kwa mkupuo mmoja, kwa maana benki itabaki na moja, duka la laini za simu moja, na FRRO itataka iliyopakiwa vizuri.

Baada ya anwani, pesa. Mtanzania hapa ana faida na hasara kwa pamoja. Faida, anajua kulipa kwa simu, na India ni nchi ya kulipa kwa simu: tangu mfumo wa UPI ulipoanzishwa mwaka 2016, muuza chai wa kando ya barabara ana karatasi ya kuskani. Hasara, anadhani ni M-Pesa. M-Pesa imejengwa juu ya laini; ukiwa na kitambulisho cha NIDA na laini, una pochi. UPI imejengwa juu ya akaunti ya benki, na benki hudai anwani, laini ya India, na kwa kawaida namba ya mlipakodi, PAN, yenye tarakimu na herufi kumi. Hapo mgeni huzunguka: benki inatuma namba ya uthibitisho kwenye laini asiyokuwa nayo, na laini inataka makazi ambayo hayajathibitishwa. Mpangilio ulio salama ni usajili, laini, PAN, akaunti, kisha UPI. Chukua fedha taslimu na kadi ya benki ya kukutosha wiki za mwanzo, kwa sababu posho ya udhamini huingia kwenye akaunti, na akaunti haifunguki siku moja.

Aadhaar, kitambulisho chao cha tarakimu 12, utaombwa kila mahali. Mgeni hustahili kukiomba akishakaa India siku 182 au zaidi ndani ya miezi 12 iliyotangulia. Kwa hiyo nusu mwaka mzima jibu lako ni pasipoti, na unalitoa bila kuona haya.

Lipo jambo ambalo waandaaji wa safari hizi hulinyamazia. Mwafrika hukutana na ubaguzi India, hasa anapotafuta chumba, na wakati mwingine hukutana na mabaya zaidi. Mwishoni mwa Januari 2016, mwanafunzi wa kike wa Kitanzania alishambuliwa na kundi la watu Bengaluru kwa ajali ya gari aliyoisababisha mtu mwingine kabisa, raia wa Sudan. Serikali ya Tanzania ililalamika na watuhumiwa walikamatwa. Sisemi haya kumzuia mtu asiende. Wenyeji wanaokukaribisha mezani mwao ni wengi kuliko wanaokufungia mlango. Nasema ili mtafiti ajisajili ubalozini mara afikapo, ajue namba ya ofisi ya wageni ya chuo, na asikubali kuambiwa kwamba amekosea yeye kwa kuwa mahali fulani saa fulani.

Chakula hakitamshinda mtu wa kwetu. Chapati, sambusa, pilau na kachumbari anavijua. Anayefika Karnataka atakutana na ragi mudde, bonge la ulezi linalokatwa kwa vidole na kuchovywa mchuzini. Mchaga anayeujua ulezi wa mbege atauona tu umeivishwa kwa njia nyingine. Ndizi mbichi za kupika zinapatikana Kerala na Tamil Nadu. Nyama ya ng'ombe ndiyo shida, kwani majimbo mengi, Karnataka mojawapo, yamepiga marufuku kuchinja ng'ombe, na baadhi ya wenye nyumba hawaruhusu nyama ya aina yoyote kupikwa ndani. Uliza kabla ya kulipa amana. Mtori wa mbuzi nao ni mtori.

Kuhusu hewa, Bengaluru iko mita 900 na ushee juu ya usawa wa bahari, karibu sawa na Moshi mjini, na joto lake linavumilika. Delhi ni habari nyingine: Mei na Juni hukaribia nyuzi 45, na Novemba moshi na ukungu hufunga anga. Mwenye pumu apange mapema.

La mwisho ni la kitaalamu, na ndilo linalonikosesha usingizi kuliko yote. Mtafiti wa mimea hujaribiwa kubeba majani, mbegu au udongo mkobani, kwenda na kurudi. Chule buni, ugonjwa ulioziumiza kahawa za Kilimanjaro, uko Afrika, India haunao. Punje moja yenye vimelea inaweza kuwafikishia wakulima wa kahawa wa Chikkamagaluru, Karnataka, janga ambalo wetu wamepigana nalo miaka mingi. Kwenda upande wa pili, sheria ya India ya bioanuwai ya mwaka 2002 inamtaka mgeni apate kibali cha mamlaka iliyoko Chennai kabla ya kuchukua rasilimali ya viumbe kwa utafiti. Huku nyumbani nako kuna vibali vya COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia, na vya karantini ya mimea. Anza taratibu hizo pamoja na viza, kwa sababu huchukua muda mrefu kuliko viza. Na waliozoea kupanda mlima na kifaa cha mawasiliano ya setilaiti wakiache Moshi: India hairuhusu vifaa hivyo bila leseni, na wasafiri wamewahi kukamatwa kwenye viwanja vya ndege kwa kuwa navyo.

Kazi ikirefuka, omba nyongeza ya muda kupitia mtandao uleule wa FRRO kabla viza haijaisha. Ukihama chumba, mwenye nyumba mpya naye ajaze taarifa yake ndani ya saa 24, nawe ubadilishe anwani kwenye usajili wako, hata kama umehamia jengo la jirani.