Alfajiri Ikikukuta Angani

Mzee mmoja aliyekuwa akijiandaa kwenda Marekani kuwaona wajukuu zake aliniuliza baada ya swala ya Ijumaa: "Sheikh, nikipanda ndege usiku wa Ramadhani, alfajiri nitaifuata ya wapi?" Swali hili si dogo, kwani wapo waliopitwa na swala ya faradhi kwa kutolijua jibu lake.

Kutoka Nairobi hadi New York ni takriban kilomita 11,800. Kenya Airways ilianza safari ya moja kwa moja tarehe 28 Oktoba 2018, kiasi cha saa 15 kwenda na 14 kurudi. Upepo wa anga za juu, uvumao kutoka magharibi, humpinga aendaye na kumsukuma arudiye. Ama masafa ya kupunguza swala, marhala mbili katika madhehebu ya Imamu Shafi, yaani kilomita themanini na kitu, ndege huyamaliza kwa dakika kumi hivi.

Kwa ratiba iliyotangazwa wakati huo, ndege iliondoka Nairobi saa 5:25 usiku na kutua New York saa 12:25 asubuhi. Kwa hesabu ya haraka ni saa saba tu. Nane nyingine zimemezwa na tofauti ya saa baina ya miji hiyo wakati wa baridi.

Hapo ndipo watu hukosea. Ikikaribia saa 11:30 alfajiri kwa saa ya Nairobi, abiria huacha kula na kuswali Alfajiri, ilhali nje ni usiku mnene. Swala hiyo haijaingia wakati. Wakati huingia kwa alama za mbinguni pale ulipo, si kwa saa ya mkononi. Katika mwezi wa Februari, mwanga wa alfajiri huikuta ndege juu ya bahari ya Atlantiki, saa mbili au tatu kabla ya kutua, nao hudumu kuliko kawaida kwa kuwa ndege inalikimbia jua.

Wengine hungoja watue ndipo waswali. Mwezi huo jua la New York huchomoza dakika ishirini hivi baada ya ndege kutua, na foleni ya pasipoti peke yake yaweza kula zaidi ya hizo. Basi aswali humo humo, kwa kusimama na kuelekea kibla akipata nafasi. Wahudumu wakiombwa kwa adabu mara nyingi huruhusu. Asiyeweza huswali kwa hali aliyo nayo kwa kuuheshimu wakati, na wanavyuoni wetu wa Kishafi humtaka airudie akishatua.

Kuhusu saumu, msafiri ana ruhusa ya kula na kulipa baadaye, kama ilivyo katika Surat al-Baqara, aya ya 185. Mzee wangu alisema atafunga.

Wakati wa kurudi mambo hugeuka. Ndege iliondoka New York saa 6:25 mchana ikaufuata usiku, na kwa mwezi huo huo jua huzama kiasi cha saa tatu tu baada ya kupaa. Adhuhuri na Alasiri azikusanye mapema, na akiliona jua limezama dirishani afuturu, hata kama saa ya New York inamwambia ni saa tisa na nusu alasiri.