Miezi sita ya shangazi: Medicare na bima ya kuziba mapengo yake

Hata chai haijamiminwa, shangazi alikwisha kunimwagia barua zote mezani. Ilikuwa mwishoni mwa Oktoba, Houston, msimu ambao kampuni za bima za Marekani huwaandama wazee kwa simu, barua na matangazo ya televisheni. Shangazi ana miaka 65. Kumi na tisa kati ya hiyo ameimaliza kwenye nyumba ya kulelea wazee, zamu ya usiku, akiwaogesha na kuwageuza kitandani wazazi wa watu wengine. Akaiweka katikati ya meza kadi ya karatasi yenye rangi nyekundu, nyeupe na bluu.

"Mwanangu, hii si ndiyo bima ya serikali? Nimekatwa kwenye mshahara miaka yote hiyo. Sasa hawa wanataka kuniuzia nini tena?"

Swali hilo ninaulizwa na karibu kila Mswahili aliyebeba boksi Marekani mpaka mvi zikamtoka. Jibu lake lina hesabu, na wengi huianzia hesabu hiyo mahali pasipofaa. Huangalia ada ya mwezi. Ada ya mwezi hukuonyesha gharama ya kuwa mzima, na bima hukatiwa kwa ajili ya mwaka utakaougua.

Medicare ilitiwa saini na Rais Lyndon Johnson tarehe 30 Julai 1965, na tangu mwanzo haikukusudiwa kulipa kila kitu. Sehemu A hulipia kulazwa hospitali. Ukiwa umefanya kazi na kukatwa kodi kwa jumla ya miaka kumi, yaani robo 40, huilipii ada ya mwezi, asilimia 1.45 ya mshahara wako iliyokatwa kila malipo ndiyo iliyoinunua. Mwenzi wako wa ndoa naye anaweza kuipata kwa jasho lako. Lakini aliyefanya kazi za kulipwa mkononi bila kodi, akisuka nywele au akilea watoto majumbani, hana robo hata moja, na mara nyingi hulijua hilo siku anapokwenda kujiandikisha.

Sehemu B hulipia daktari, vipimo, na tiba usiyolazwa. Hiyo si ya bure kwa mtu yeyote, labda serikali ya jimbo ikulipie kwa sababu ya kipato chako. Mwaka 2025 ilikuwa dola 185 kwa mwezi, na 2026 ikapanda hadi 202.90. Mwaka 2025, aliyekuwa peke yake na kipato kilichozidi dola 106,000 kwa mwaka alilipa zaidi ya hapo, na kipato kinachotazamwa ni cha miaka miwili nyuma. Hesabu zangu nitazipiga kwa viwango vya 2025, kwa kuwa ndivyo vilivyokuwa kwenye barua za shangazi. Vinabadilika karibu kila mwaka, ila muundo ni uleule.

Sasa mapengo. Ukilazwa, dola 1,676 za mwanzo ni zako. Fungu hilo halihesabiwi kwa mwaka bali kwa kipindi cha ugonjwa: ukikaa siku 60 mfululizo bila kuwa mgonjwa wa kulazwa, kisha ukalazwa tena, unaanza upya. Kwenye Sehemu B unajilipia dola 257 za mwanzo kwa mwaka, halafu asilimia 20 ya karibu kila kitu kinachofuata. Asilimia hiyo 20 haina kikomo. Hakuna mahali Medicare inapokwambia, mama, umelipa vya kutosha, pumzika. Meno, miwani na vifaa vya kusikia kwa kawaida havimo. Wala kukaa muda mrefu kwenye nyumba za wazee hakumo, na shangazi aliyewaona wakazi wa nyumba hizo wakiuza majumba yao ili wabaki kitandani alilijua hilo kabla yangu.

Mapengo haya huzibwa kwa njia mbili, na haziendi pamoja.

Njia ya kwanza ni bima ya nyongeza iitwayo Medigap. Inauzwa na kampuni binafsi, lakini vifurushi vyake vimepangwa na serikali na hutambulika kwa herufi. Kifurushi G cha kampuni moja kinalipa yaleyale yanayolipwa na kifurushi G cha kampuni nyingine. Kinachotofautiana ni bei tu. Ni Massachusetts, Minnesota na Wisconsin pekee zenye mpangilio wao. Basi muuzaji akikwambia G yake ina matibabu bora kuliko ya jirani, msikilize kwa adabu kisha muulize bei, na umuulize pia bei hiyo itapandaje kadiri unavyozeeka. G hulipa mapengo yote niliyoyataja ya hospitali na daktari, isipokuwa zile dola 257. Kifurushi N ni nafuu kidogo, ila utatoa hadi dola 20 unapomwona daktari na hadi 50 unapokwenda chumba cha dharura. Dawa za dukani hazimo, kwa hiyo unanunua Sehemu D kando. Habari njema ni kwamba tangu 2025 malipo yako ya dawa zilizomo kwenye Sehemu D yamewekewa kikomo cha mwaka, ambacho mwaka 2025 kilikuwa dola 2,000.

Njia ya pili ni Medicare Advantage. Hapa kampuni binafsi inakuchukua mzimamzima na kuendesha Medicare yako kwa niaba ya serikali. Mipango mingi haina ada ya ziada, ina dawa ndani yake, na huongeza meno au miwani kidogo. Hiyo ndiyo iliyojaa kwenye televisheni, na zaidi ya nusu ya wenye Medicare wanaoruhusiwa kuichagua wameshaingia huko. Bado unalipa ada ya Sehemu B. Unatibiwa na madaktari waliomo kwenye orodha yao, na vipimo vingi na tiba nyingi huhitaji kibali chao kwanza. Ina kikomo cha mwaka cha malipo yako: mwaka 2025 hakikuruhusiwa kuzidi dola 9,350 kwa madaktari wa ndani ya orodha, na mipango mingi ilijiwekea kilicho chini ya hapo.

Nikaigeuza bahasha moja ya shangazi nikamwandikia nyuma yake. Chukua mwaka wa uzima: umekwenda kwa daktari mara chache, umepima damu, basi. Kwenye Advantage isiyo na ada ya ziada unalipa Sehemu B dola 2,220 kwa mwaka, na tuseme 150 za kumwona daktari, jumla 2,370. Kwenye G, tuseme kampuni inataka 160 kwa mwezi na mpango wa dawa 35 kwa mwezi, unalipa 2,220, na 1,920, na 420, na zile 257, jumla 4,817. G imekugharimu karibu dola 2,450 zaidi, na hukuona chochote mkononi. Shangazi akanitazama kama ninayemtania.

Nikachora mstari chini yake. Chukua mwaka wa saratani: umelazwa mara moja, na tiba za kliniki zimefikia dola 60,000 kwa bei ya Medicare. Mwenye Medicare tupu atatoa, pamoja na ada zake, zaidi ya dola 16,100. Mwenye Advantage iliyojiwekea kikomo cha juu kabisa atafika 11,570. Mwenye G atatoa 4,817, senti kwa senti na mwaka aliokuwa mzima. Kwa mifano hii, mwaka mmoja wa namna hiyo unafuta akiba ya miaka karibu mitatu ya uzima. Na kikomo cha Advantage huanza upya kila Januari. Uvimbe ukigunduliwa Oktoba, tiba itavuka mwaka, nawe utakipanda kilima kilekile mara mbili.

Sisemi kila mtu anunue G. Dola 160 kwa mwezi ni fedha nyingi kwa anayeishi kwa pensheni ndogo, na huyo asikimbilie Medigap wala Advantage kabla hajaiuliza serikali ya jimbo lake. Uko msaada wa kulipia Medicare kwa wenye kipato kidogo. Mwaka 2025, aliyekuwa peke yake na kipato kisichozidi takribani dola 1,325 kwa mwezi, na akiba isiyozidi kiasi kilichowekwa, aliweza kulipiwa ada ya Sehemu B na mapengo karibu yote. Hadi takribani 1,781 aliweza kulipiwa ada hiyo ya Sehemu B. Watu wetu wengi hawauombi kwa aibu, wakidhani ni sadaka. Kila jimbo lina washauri wa bure wa Medicare ambao hawauzi kitu, na wanajua kuzijaza fomu hizo.

Kwa mwenye uwezo, kuna jambo moja ninalolisisitiza kuliko hesabu zote. Mlango wa Medigap hufunguliwa wazi mara moja tu. Tangu mwezi ambao umetimiza miaka 65 na Sehemu B yako imeanza, una miezi sita ambamo hakuna kampuni inayoweza kukukatalia wala kukupandishia bei kwa sababu ya sukari, presha au moyo. Miezi hiyo ikiisha, katika majimbo mengi, Texas ikiwamo, kampuni ina haki ya kukuuliza maradhi yako na kukufungia mlango. New York, Connecticut, Massachusetts na Maine zina ulinzi mpana zaidi. Aliyeanza na Advantage alipotimiza 65 bado ana miezi 12 ya kujaribu na kurudi nyuma, lakini baada ya hapo kurudi kunategemea afya yake. Wengi huchanganya mlango huu na msimu wa kila mwaka wa tarehe 15 Oktoba hadi 7 Desemba. Msimu huo ni wa kubadili Advantage na mipango ya dawa. Kwa Medigap hauna maana yoyote.

Nilipomuuliza shangazi Sehemu B yake ilianza lini, akainuka akaenda kwenye kalenda ya ukutani. Agosti mosi. Kwa hiyo mlango wake ulikuwa unafungwa mwisho wa Januari, na katika rundo lile la barua hapakuwa na hata moja iliyomwambia hivyo kwa maneno yanayoeleweka.

Akamimina chai, kisha akatoa lile lililokuwa moyoni. Ana nyumba Moshi, imebaki kupakwa rangi. Anataka kukaa huko nusu ya mwaka, pengine siku moja ahamie kabisa. Bima gani itamfuata?

Karibu hakuna. Medicare kwa kawaida hailipi matibabu nje ya Marekani. G na N hulipa asilimia 80 ya matibabu ya dharura ugenini, baada ya dola 250 za kwako, kwa dharura iliyotokea ndani ya siku 60 za mwanzo za safari, na jumla isizidi dola 50,000 maisha yako yote. Hiyo inafaa kwa likizo ya Krismasi. Kwa kukaa tangu Novemba hadi Aprili haifai. Advantage ina hatari nyingine: ukikaa nje ya eneo la mpango zaidi ya miezi sita mfululizo, kwa kawaida unaondolewa.

Hapo wengi hufanya uamuzi mwepesi: "Kwa nini niendelee kulipa dola 185 na mimi niko Moshi?" Huifuta Sehemu B. Miaka mitano baadaye moyo unasumbua, wanataka kurudi Houston kwa daktari wao, na wanakuta ada yao imeongezwa asilimia 10 kwa kila miezi 12 kamili waliyokaa bila. Miaka mitano ni asilimia 50, kwa maisha yote. Medigap nayo huenda wakaikuta imefungwa. Aliyeamua kwa dhati kwamba hatarudi, afute, na kitu cha kwanza atafute bima ya nyumbani. Anayesema "tutaona" aendelee kulipa. Nimeshuhudia ile michango ya WhatsApp inayopigwa usiku kucha kumrudisha mzee aliyekuwa na kadi halali miaka michache tu nyuma.

Wako pia wazazi mliowaleta kwa grinkadi. Hao hawana robo 40, na kwa jasho lenu ninyi watoto hawapati kitu. Lazima wakae Marekani miaka mitano mfululizo ndipo waruhusiwe kuinunua. Mwaka 2025 Sehemu A kwa asiye na hata robo 30 ilikuwa dola 518 kwa mwezi. Ukijumlisha B inakuwa 703. Anaweza kuchukua B peke yake, ila Medigap humtaka awe na zote mbili. Kwa ndugu zetu wa Kongo na Burundi waliokuja kama wakimbizi, sheria iliyotiwa saini tarehe 4 Julai 2025 imebana zaidi: hadhi ya ukimbizi pekee haitoshi tena, na waliokuwa ndani tayari walipewa miezi 18 tangu siku hiyo. Mwenye haki ya kuomba grinkadi asiiache ikalala kabatini.

Shangazi hakuamua siku ile. Alinipigia wiki ya pili ya Desemba, akitoka kanisani. Amechukua G, dola nane juu ya ile niliyoikadiria kwenye bahasha, na mpango wa dawa ambao famasi ya mtaani kwake inaupokea. Sehemu B ameiacha palepale. Tiketi ya Kilimanjaro ameikata ya siku 58.