Kuku anakoroma? Mfungue mdomo kwanza kabla hujamchinja

Leo siongelei siasa, naongelea kuku wa bibi hapa Ushongo. Wiki mbili zilizopita mtetea mmoja alianza kukoroma usiku, "khrrr, khrrr", kama mzee mwenye pumu. Majirani wakasema huo mdondo, chinjeni wote muuze haraka. Bibi ana kuku 11 na ada ya mdogo wangu inatoka humo humo, kwa hiyo haikuwa mchezo.

Kwanza, usimsikilize kuku mchana. Kwa joto la huku pwani hata kuku mzima anahema mdomo wazi ili apoe, utadhani wote wagonjwa. Subiri usiku banda litulie.

Pili, sauti peke yake haitoshi. Mdondo (wengine mnaita kideri), mafua na ndui vyote vinaweza kumkoromesha kuku. Ila mdondo haukai unasubiri: wanaharisha kijani, shingo zinapinda, na ndani ya siku chache banda linaweza kubaki tupu. Siku ya nne wetu alikuwa bado yeye peke yake. Mafua huvimbisha uso na makamasi yananuka vibaya, yeye uso ulikuwa safi.

Basi nikamfunga khanga, nikamfungua mdomo na kumulika tochi ya simu. Nyuma ya ulimi, pembeni ya lile tundu la pumzi, kulikuwa na utando wa njano kama maziwa yaliyoganda. Hewa inapita kwa shida pale, ndiyo sauti yenyewe! Nikakumbuka vifaranga wa jirani wana vipele kwenye upanga. Afisa mifugo alipokuja akasema ndui, ile ya kooni. Wengi tunaijua ya vipele tu. Virusi vyake husambazwa na mbu pia, na mbu wa hapa, we acha tu.

Utando usiubandue, unatoa damu. Hatari yake ni kukua mpaka uzibe tundu, kuku akose pumzi. Dawa ya kuua virusi hivyo hakuna. Mimi nilishauziwa antibayotiki dukani bila hata kuulizwa kuku ana nini! Inasaidia tu kama bakteria wameingilia kidonda, tena kwa ushauri, na mayai ya kipindi hicho hayaliwi.

Chanjo ya ndui huchomwa kwenye ngozi ya bawa. Ya mdondo ni tone moja la jicho kila miezi 3. Ipo ya I-2 inayostahimili joto, inatengenezwa na maabara ya mifugo ya taifa, TVLA.

Mtetea tumemtenga kwenye tenga, anakula pumba iliyolowekwa. Koroma imepungua ila haijaisha, na bibi kila asubuhi ananiuliza kama kisu nimekinoa. Kuna mdau kuku wake alipona ndui ya kooni? Ilichukua siku ngapi?